Sheria ya Bahari Ianzie Likasi

Tarehe 17 Januari 2026, mapatano mapya ya Umoja wa Mataifa ya kulinda viumbe vya bahari kuu yalianza kutumika. Yalipitishwa New York katika mwezi wa 6 wa mwaka 2023, na ilibidi nchi 60 ziyathibitishe kwanza ndipo yapate nguvu. Lakini mapatano kama hayo hayasafishi maji yenyewe. Kila nchi inapaswa kutengeneza sheria zake za nyumbani, na huko nyumbani ndiko kazi inakokwama.

Hapa Likasi wengi watasema hayo ni mambo ya watu wa Muanda. Kutoka kwetu mpaka Banana, penye mdomo wa mto Kongo, ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari ulionyooka. Wengi katika makusanyiko yetu hawajaiona bahari hata siku moja. Wanaifahamu kwa samaki thomson tu, yule wa baridi anayeletwa kutoka Namibia na kuuzwa katika masoko yetu yote.

Neno langu katika makala hii ni moja. Kongo ina pwani fupi sana, karibu kilomita 40 tu, lakini maji ya karibu nchi nzima yanatokea pale. Kwa hiyo sheria ya bahari inayoanzia Banana imechelewa kuanza. Inapaswa kuanzia huku juu, kwenye mabwawa ya mabaki ya viwanda na kwenye vijito ambamo mama zetu wanafua nguo. Na tukichunguza vizuri, tutaona kwamba misingi ya sheria hiyo tunayo tayari. Kinachokosekana ni njia ya kumfikisha mvuvi mbele ya hakimu akiwa na ushahidi mkononi, na pesa za kusafisha kilichoharibiwa.

Maji yetu yanakwenda wapi

Tuchukue ramani. Maji ya Likasi yanashuka kwa mito kama Buluo na Panda, yanaelekea bonde la Lufira na Ziwa Tshangalele, lile ziwa lililozaliwa wakati bwawa la umeme la Mwadingusha lilipojengwa, karibu miaka 100 iliyopita. Kutoka hapo Lufira inakwenda kaskazini mpaka bonde la Upemba, na huko inaungana na Lualaba katika eneo la Ziwa Kisale, penye wavuvi wa Kikondja. Lualaba inapita Kongolo, Kindu na Ubundu. Ikifika Kisangani inaitwa mto Kongo, inapita Mbandaka, Kinshasa, Matadi na Boma, na mwisho inaingia Bahari ya Atlantiki.

Ndugu zetu wa Kivu na Tanganyika wasidhani wako mbali na habari hii. Maji ya Ziwa Kivu yanatoka Bukavu kwa mto Ruzizi na kuingia Ziwa Tanganyika karibu na Uvira. Ziwa Tanganyika nalo lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie, na Lukuga inaingia Lualaba. Chupa ya plastiki inayotupwa katika bonde la Bukavu iko njiani kwenda baharini, isipokwama kwanza kwenye mashine za umeme za Ruzizi, kama tunavyosikia kila mara. Ni upande wa mashariki wa Ituri na wa Kivu Kaskazini tu ambako maji yanakwenda upande mwingine, kwa Semliki na Ziwa Albert, mpaka Nili na Bahari ya Mediterania.

Tena iko hivi: nchi yetu ya shaba imekaa mgongoni, kati ya bahari mbili. Maji ya upande wetu yanakwenda Atlantiki. Maji ya ndugu zetu wa Zambia, kule Kitwe na Chambishi, yanaingia mto Kafue, kisha Zambezi, na kufika Bahari ya Hindi katika pwani ya Msumbiji. Madini ni yale yale na viwanda vinafanana, lakini uchafu wake unashuka kwenye bahari mbili.

Sisemi kwamba shaba ya Likasi inaua samaki wa Muanda. Ukweli unatutaka tuseme kidogo kuliko hapo. Sehemu kubwa ya metali nzito inazama njiani, katika matope ya maziwa na mabwawa. Ziwa Tshangalele linafanya kazi kama kichujio. Lakini kichujio hicho kina watu. Kapolowe watu wanavua ndani yake, na wanawake wanabeba samaki wake mpaka sokoni Likasi na Lubumbashi. Mwaka 2016 utafiti wa kisayansi juu ya samaki wa ziwa hilo ulichapishwa, ukionyesha metali katika nyama yao na kuonya kuhusu afya ya watu wanaowala mara kwa mara. Kabla ya hapo, mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Walikuta kobalti kwa viwango vilivyo miongoni mwa vya juu kabisa vilivyowahi kuandikwa kwa raia wa kawaida, na watoto walikuwa katika hatari zaidi.

Kwa upande wa bahari, tunajua pia kwamba mto huu una nguvu ya kufikisha vitu mbali sana. Katika mwezi wa 1 wa mwaka 2020, mchanga na matope yaliyokusanyika kwenye mdomo wa mto Kongo yaliporomoka ndani ya bonde refu lililo chini ya bahari, yakasafiri zaidi ya kilomita 1,100 kwenye sakafu ya Atlantiki na kukata nyaya za intaneti. Watu wa miji mingi ya Afrika waliona mtandao umekuwa mzito bila kujua kwamba ni udongo wa bara letu uliopita pale. Mungu hakuweka ukuta kati ya mto na bahari.

Sheria zinasema nini tayari

Siku hizi watu wanabishana sana juu ya Katiba ya 2006, kama ibadilishwe au isibadilishwe. Sitaingia katika mabishano hayo. Naomba tu kila mwamini asome kifungu cha 53, cha 54 na cha 55. Cha 53 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira yenye afya. Cha 54 kinasema kwamba uchafuzi au uharibifu wowote unaotokana na kazi ya uchumi ni lazima ulipiwe au urekebishwe. Cha 55 kinaita kwa jina la uhalifu kitendo cha kumwaga takataka zenye sumu katika maji ya bara na katika bahari iliyo chini ya mamlaka ya nchi, zikiwa zimetoka nje au humu humu ndani. Tuangalie vizuri: maji ya bara na bahari yamewekwa katika sentensi moja. Walioandika Katiba waliona kile ambacho ramani inaonyesha.

Sheria ya kimataifa inasema vivyo hivyo. Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya 1982 juu ya Sheria ya Bahari, ambayo nchi yetu iliyathibitisha mwaka 1989 ingali ikiitwa Zaire, yana kifungu cha 207. Kinaagiza kila nchi itunge sheria za kuzuia uchafu unaoingia baharini kutoka nchi kavu, na mito imetajwa humo waziwazi.

Chini ya misingi hiyo tuna sheria nyingi: ile ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011, ile ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015, ile ya mipaka ya bahari yetu ya tarehe 7 Mei 2009, na Sheria ya Madini ya 2002 iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Hii ya mwisho ina jambo kubwa ambalo watu wachache wanalijua. Kifungu cha 285 bis kinamfanya mwenye haki ya mgodi awe na wajibu wa kulipa madhara yaliyosababishwa na kazi yake kwa watu, kwa mali yao na kwa mazingira, hata kama hakuna kosa wala uzembe. Maana yake, mwanakijiji hahitaji kuonyesha kwamba meneja alikuwa na nia mbaya au alilala kazini.

Basi mtu atauliza: kama tuna haya yote, kwa nini mvuvi wa Kapolowe hajui aende wapi?

Pale sheria inapokatika

Shida ya kwanza ni hii: sheria zetu zinafuata mipaka, na maji yanafuata mteremko. Mgodi uko chini ya Wizara ya Madini. Mazingira yako chini ya wizara nyingine na Shirika la Mazingira la Kongo. Maji ya kunywa yana wakubwa wake, hifadhi ya bahari ya mikoko pale Muanda, iliyoanzishwa mwaka 1992, iko mikononi mwa ICCN, na uvuvi umeendelea kwa miaka mingi kuegemea amri ya kikoloni ya mwaka 1937. Tone moja la maji kutoka Likasi linapita katika mikono hiyo yote kabla ya kufika Banana, na hakuna hata mmoja anayeulizwa juu ya safari nzima.

Pesa nazo zinafuata mipaka hiyo hiyo. Kwa sheria ya 2018, malipo ya redevansi yanagawanywa: sehemu 50 kwa mia zinakwenda serikali kuu, 25 jimboni, 15 kwa eneo la utawala lenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mgawanyo huo ulikuwa hatua njema. Lakini eneo linalopokea maji machafu, kama halina mgodi kwake, halipati chochote katika zile 15. Mto haukuulizwa. Wavuvi wa Kisale wako mkoa mwingine kabisa, Haut-Lomami. Faida ya mgodi inabaki palipochimbwa na uchafu unashuka kwa jirani.

Shida ya pili ni ushahidi. Sheria imeondoa haja ya kuthibitisha kosa, lakini haikuondoa haja ya kuthibitisha chanzo. Pale mto mmoja unapopokea maji ya viwanda vitatu au vinne, na wachimbaji wadogo wanaosha mawe ndani yake, mlalamikaji atasemaje kwamba shaba hii ilitoka kwenye bomba hili? Kila kampuni itamwonyesha mwenzake kwa kidole. Kupima maji kwenye maabara ni gharama, na mwenye chakula cha siku moja hawezi kulipia. Matokeo ya vipimo ambavyo kampuni zenyewe zinafanya hayabandikwi ukutani kwenye komini, wala hayasomwi kwa Kiswahili mbele ya watu. Haki inayohitaji maabara, na maabara iko mikononi mwa mshtakiwa, ni haki ya karatasi.

Shida ya tatu ni deni la zamani. Union Minière ilianza mwaka 1906, na Gécamines ikarithi kazi yake mwaka 1967. Kiwanda cha Shituru kimekuwa kikitoa shaba tangu mwaka 1929. Matope yaliyolala chini ya Tshangalele ni ya karibu karne nzima. Kampuni iliyofika juzi itasema, na mara nyingine kwa haki, kwamba ilikuta uchafu tayari. Serikali nayo haina pesa. Kwa hiyo deni hilo linalipwa kila siku na mtu asiyelikopa: yule anayekula samaki.

Shida ya nne ni aina ya adhabu. Tarehe 4 Novemba 2025, maji yenye sumu yalitoka katika kiwanda cha kampuni ya CDM mjini Lubumbashi na kuingia katika makao ya watu. Waziri wa Madini, Louis Watum Kabamba, alifika na kusimamisha kazi za kampuni hiyo kwa miezi mitatu. Wengi walishangilia, na ni kweli kwamba tumezoea kuona Leta inanyamaza. Lakini tupime jambo lenyewe. Kusimamisha kazi kunaumiza pia mfanyakazi anayelipwa kwa siku na mama anayemuuzia chakula mlangoni. Na hata kampuni ikifungwa mwaka mzima, kisima hakitajisafisha. Adhabu inayotegemea uamuzi wa waziri mmoja inaweza kuondolewa kwa uamuzi wa waziri mwingine. Kinachotakiwa ni sheria inayosema wazi: akimwaga, atasafisha kwa gharama yake, ataleta maji safi mpaka visima vipone, na pesa za kufanya hivyo ziwe zimewekwa benki tangu siku alipopewa kibali. Sheria ya Madini tayari inadai dhamana ya pesa kwa ajili ya kutengeneza ardhi mgodi ukifungwa. Dhamana hiyo ifike mpaka kwenye mto.

Majirani wametufundisha nini

Tukitaka kujua kama marekebisho ya sheria yanaweza kumsaidia mtu mdogo, tutazame Kenya, pwani ya Waswahili wenyewe. Katiba ya Kenya ya 2010 ina kifungu cha 70. Kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa ajili ya mazingira bila kuonyesha kwamba yeye au mwingine ameshapata hasara au jeraha. Tena Kenya iliunda mahakama maalumu ya mazingira na ardhi.

Matunda yake ni haya. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kimoja kilikuwa kikiyeyusha betri za zamani na kusambaza sumu ya risasi kwa majirani. Mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi humo, Phyllis Omido, aligundua kwamba mtoto wake ameathirika na akaanza kuuliza maswali. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya rufaa ikabatilisha hukumu hiyo mwaka 2023, na katika mwezi wa 12 wa mwaka 2024 Mahakama ya Juu Kabisa ikairudisha. Kule Lamu nako, mwaka 2018, mahakama iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu bandari mpya iliharibu bahari waliyokuwa wakivua. Kesi hizo zilichukua miaka mingi, na hukumu bado si pesa mfukoni. Lakini tuone ni nani walioshinda: watu wa mtaa wa mabati na wavuvi wa mashua ndogo. Hawakuwa na nguvu kuliko wavuvi wa Kapolowe. Walikuwa na mlango wa kuingilia.

Zambia inatufundisha upande mwingine. Tarehe 18 Februari 2025 ukuta wa bwawa la mabaki wa kampuni ya Sino-Metals ulibomoka karibu na Chambishi. Lita zipatazo milioni 50 za maji yenye asidi zikaingia katika mto unaokwenda Kafue. Samaki walikufa, na mji wa Kitwe ulikatiwa maji ya bomba. Ukuta mmoja, siku moja, na mji mzima unakosa maji ya kunywa. Mabwawa ya namna ile tunayo katika Katanga yetu. Maji yakimwagika hayazoleki, na sheria inayoingia kazini baada ya ukuta kubomoka imekuja kwenye mazishi.

Shimo lisilofunikwa

Tukifungua Kutoka sura ya 21, mistari ya 33 na 34, tunakuta sheria ndogo ambayo wahubiri wengi tunairuka. Mtu akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe au punda wa mwingine akatumbukia na kufa, mwenye shimo anamlipa mwenye mnyama. Torati haiulizi kama alikusudia. Haimtumi mwenye ng'ombe aende akatafute wataalamu. Shimo lina mwenyewe, na hilo latosha. Kifungu cha 285 bis cha Sheria ya Madini kinasema karibu jambo hilo hilo, miaka elfu nyingi baadaye. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba kanisa halina la kusema juu ya mashimo, tumwonyeshe mistari hiyo.

Nabii Ezekieli anatupa mambo mawili zaidi. Katika sura ya 34, mstari wa 18, Mungu anawakemea kondoo wanene ambao, wakiisha kunywa maji safi, wanavuruga yaliyobaki kwa miguu yao, na wenzao wanalazimika kunywa tope. Katika sura ya 47 nabii anaona mto unaotoka hekaluni, ukishuka mpaka kwenye bahari iliyokufa, na bahari inapona. Kila unapopita mto, samaki wanaongezeka, na wavuvi wanasimama ufukweni kutandaza nyavu zao. Katika maono hayo uponyaji wa bahari unaanzia juu, mahali patakatifu, na kushuka. Swali linalotukabili ni lepesi kuliko tafsiri zote: maji yanayotoka kwetu, yakishuka, yanapeleka nini kwa watu wa chini?

Naomba tulitamke pia jambo gumu. Likasi inakula kwa madini. Wengi wanaotoa sadaka katika makanisa yetu wanalipwa na kampuni, au wanachimba wenyewe, au wanauzia wachimbaji. Wapo makanisa yaliyoezekwa kwa mabati ya zawadi ya kampuni. Zawadi si dhambi, na kampuni inayojenga shule inastahili shukrani. Sheria yenyewe inaidai kampuni itenge 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa jirani, kwa hiyo mara nyingine kile tunachokiita zawadi ni haki ya watu. Lakini mchungaji anayeogopa kutaja mto kwa sababu ya bati lililo juu ya kichwa chake ameuza kitu ambacho hakikuwa chake. Tena tusiwaseme wageni tu. Anayeosha mawe ya shaba kijitoni na anayetupa mifuko ya plastiki mtaroni ni washirika wetu. Nchi ilikataza mifuko hiyo kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017, na bado tunafungiwa mikate ndani yake.

Tufanye nini

Marekebisho ya sheria yanafanywa Kinshasa, lakini wabunge wanachaguliwa huku. Naona mambo manne ambayo makanisa yetu yanaweza kudai kwa sauti moja.

Kwanza, sheria moja ya maji kutoka chanzo mpaka bahari, yenye mamlaka moja kwa kila bonde la mto, na watu wa juu na wa chini wakae katika meza moja. Bonde la Lufira lingefaa kuwa la kwanza. Jambo hili si geni: kwa Ziwa Tanganyika, nchi nne, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mapatano ya namna hiyo mwaka 2003. Kama nchi nne zimeweza kukubaliana juu ya ziwa moja, wizara zetu zinaweza kukubaliana juu ya mto mmoja.

Pili, mzigo wa ushahidi ugeuzwe. Pale viwanda vingi vinapomwaga katika mto mmoja, kila kimoja kithibitishe kwamba si chake, na vipimo vyote vya maji vitangazwe kila baada ya miezi mitatu, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.

Tatu, sehemu ya redevansi ifuate mteremko wa maji, ili maeneo ya chini ya mgodi yapate fungu lao na deni la zamani lianze kulipwa. Mfuko wa vizazi vijavyo uko tayari kwa jina. Ni vizazi gani vinavyohitaji zaidi kuliko watoto wa Kapolowe?

Nne, bandari ya Banana, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa katika mwezi wa 1 wa mwaka 2022, isimalizike kabla sheria ya kulinda bahari na mikoko haijapatanishwa na mapatano mapya. Tukingoja meli zifike kwanza, tutarudia historia ya Shituru ufukweni.

Wakati tunangoja wabunge, kuna kazi isiyohitaji sheria mpya. Tume zetu za Haki, Amani na Kulinda Uumbaji zianzishe daftari la mto. Kila kusanyiko lililo karibu na maji liandike tarehe, mahali, rangi ya maji, samaki waliokufa, mimea iliyoungua, na lipige picha. Vijana wana simu, na waalimu wa kemia tunao katika shule zetu. Daftari lililoandikwa kwa uaminifu kwa miaka mitatu ni ushahidi ambao hakimu hawezi kuupuuza kwa urahisi, na mwanasheria anaweza kuanza kazi nao. Kanisa limezoea kuandika ubatizo, ndoa na vifo. Liandike na maji.

Tuombe kwa ajili ya wavuvi wa Tshangalele na Kisale, na wanawake wanaouza samaki wao. Tuombe kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, wapate mkate bila kuwalisha jirani zao sumu. Tuwaombee mahakimu wetu wasiogope wenye nguvu, na wabunge wetu wafungue vitabu vya sheria wakiwa na ramani ya mito mkononi. Na tukisha kusema amina, tuchukue daftari twende mtoni.